Acheni Taa, Someni Bili

Nashukuru, mwenyekiti. Walionisikiliza mara nyingine wameshaanza kutabasamu hapo mbele, kwa sababu wanajua ninaanzia wapi. Nimekuja tena kuzungumzia jinsi ya kupunguza matumizi ya nyumbani, na naam, naanza na taa. Habari ya kuandika mapato upande huu na matumizi upande ule mmeshaisikia mpaka imewachosha, siirudii leo.

Karibu kila nyumba ninayoitwa kuzungumzia bili namkuta mzimaji taa. Mara nyingi ni baba, ingawa akina mama nao wamo, msijifiche. Mzimaji taa hupita chumba hadi chumba akibonyeza swichi na kulalamika: nyumba hii inawaka kama harusi, watoto hawa hawajui fedha inatoka wapi. Mtoto anakwenda msalani, akirudi anakuta giza. Mwisho wa mwezi bili inakuja ileile. Baba anaongeza ukali. Mwezi unaofuata, bili ileile.

Nyumba moja nilikuta baba ameandika vikaratasi na kuvibandika juu ya kila swichi: ZIMA. Mwandiko mzuri kabisa. Nikamuuliza, mzee wangu, bili zenyewe ziko wapi? Akaniletea bahasha kutoka kwenye droo, na nusu yake hazijafunguliwa. Anajua kiasi cha kulipa kwa sababu ujumbe huja kwenye simu, basi analipa kiasi, haisomi bili.

Nikamwambia twende kwenye mita. Mita nyingi za umeme za kisasa zina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na ubavuni imeandikwa mipepeso mingapi ni uniti moja. Yake iliandikwa 1000. Uniti moja ni wati 1000 zikitumika kwa saa 1, kwa hiyo kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Tukazima kila kitu kwenye boksi la swichi kuu. Kitaa kikatulia. Tukawasha taa moja ya sebuleni, hizi za LED, ya wati 9. Tukasubiri. Mzee akaniangalia. Tukaendelea kusubiri. Fanyeni hesabu wenyewe: wati 9 huhitaji karibu dakika 7 kupata mpepeso mmoja. Dakika 7, mmesimama wima ukutani mkikodolea kitaa! Kilipopepesa, mzee alicheka kwanza, halafu akanyamaza.

Kisha tukawasha hita ya maji, ya wati 3000. Kitaa kikaanza kupepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga, mara 50 kwa dakika. Na hita ile, ndugu zangu, ilikuwa imewashwa usiku na mchana, siku zote za mwaka, kwa sababu swichi yake iko nyuma ya mlango wa stoo na hakuna aliyekuwa na habari nayo. Juu ya swichi hiyo hapakuwa na karatasi ya ZIMA.

Ndiyo hoja yangu, na nitaisema tena kesho na keshokutwa kama mtaniita. Familia hupunguza kile inachokiona. Taa inaonekana, redio inasikika, mtoto anayefungua jokofu mara kumi anakamatika. Vitu vikubwa vinavyokula bila sauti hakuna anayevigombeza. Matokeo yake nyumba inajaa ugomvi na bili haishuki.

Ngojeni niweke namba, maana najua kuna mtu anataka kubisha. Lita 50 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinahitaji uniti 2.3 hivi. Hiyo ni fizikia, haijali umenunua hita ya kampuni gani. Taa yako ya wati 9 ikiwaka saa 10 kila usiku, inamaliza uniti 0.09. Itakuchukua karibu usiku 26 kufikia gharama ya kupasha moto tangi la lita hizo 50 mara moja tu. Na chaja ya simu iliyoachwa ukutani bila simu? Chaja nyingi za sasa zikiwa hivyo hula robo wati au pungufu. Robo wati mwaka mzima ni uniti 2 na kidogo. Mwaka mzima wa kuchomoachomoa chaja hautoshi hata tangi moja la maji ya kuoga!

Mtaniambia haba na haba hujaza kibaba. Sawa, sikatai. Chomoa chaja, hakuna atakayekuzuia. Lakini anza na haba iliyo kubwa. Na kama taa zako bado ni zile za zamani za waya unaowaka, za wati 60, hapo baba ana haki ya kupiga kelele, ila afanye kelele mara moja, aende dukani abadilishe, basi. Televisheni za zamani na redio kubwa nazo, zikiachwa zimelala, yaani zimezimwa kwa rimoti tu huku kitaa kinawaka, zilikuwa mbaya kweli. Ndiyo maana mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kifaa kilicholala kisizidi wati 1. Kifaa cha zamani kinachokula wati 10 kikiwa kimelala humaliza karibu uniti 88 kwa mwaka. Hicho kichomoe.

Kuna ndugu hapa ananionyesha kwa kidole: si tushushe tu joto la hita hadi 40, maji ya kuoga yanatosha? Hapana. Nisikilizeni vizuri hapa. Tangi linalokaa na maji ya vuguvugu ni makazi mazuri ya bakteria wa Legionella. Mwaka 1976 watu waliohudhuria mkutano hotelini Philadelphia, Marekani, waliugua homa ya mapafu, wengine wakafa, na kutokana na mkasa huo bakteria hao wakaja kujulikana na kupewa jina. Ushauri wa kawaida ni hita ipashe maji ya tangi hadi angalau nyuzi 60. Wewe punguza muda wa kuwasha na muda wa kuoga. Na tangi lililo uchi livalishe blanketi lake maalumu la kuzuia joto lisitoke, kwa sababu linapoteza joto hata kama familia yote imesafiri. Bomba la kuogea linalotoa lita 8 kwa dakika, ukisimama chini yake dakika 10 ukiimba, ni lita 80. Imba nje.

Haya, kusoma bili. Sikutaka kukaa sana kwenye umeme, na nimekaa. Shikeni bili mliyoambiwa mje nayo.

Tafuta kwanza usomaji wa mita. Je, ni namba iliyosomwa au iliyokadiriwa? Bili nyingi husema. Kama ni makadirio, nenda kwenye mita yako, linganisha. Kuna watu wanalipia umeme ambao hawajautumia, na kuna wanaofurahia bili ndogo ya makadirio bila kujua deni linajikusanya. Siku mita ikisomwa kweli, wanaanguka na kiti.

Pili, tenganisha ada isiyobadilika na matumizi. Ada ile unalipa hata ukilala gizani. Kwa hiyo anayepunguza matumizi kwa nusu asitarajie bili ipungue nusu, na asiwalaumu watoto kwamba wamedanganya. Na pale bei inapopanda kwa ngazi, uniti za mwisho za mwezi ndizo ghali kuliko zote, kwa hiyo ukikata kidogo juu unaokoa zaidi ya unavyodhani. Tazama pia salio la nyuma na faini ya kuchelewa. Hiyo faini ni mstari pekee unaoweza kufutwa mwezi ujao bila mtu yeyote nyumbani kujinyima chochote. Inahitaji kukumbuka tarehe tu.

Maji nitayaendea mbio. Usiku, wote wakishaoga, funga mabomba yote, andika namba ya mita ya maji. Asubuhi kabla ya mtu kugusa bomba, soma tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na wa kutafutwa kwanza ni tangi la choo. Tia rangi kidogo ndani ya tangi, usivute maji, subiri robo saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, ule mpira wa ndani unaoziba maji umechoka. Ni kifaa cha bei ndogo kabisa, lakini watu huishi na choo kinachonong'ona miaka na miaka, eti wamekizoea. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Kwa matone 4,000 kwa lita, hiyo ni ndoo ya lita 20 na ziada, kila siku, na hakuna aliyenawa hata mkono.

Sasa malipo yanayojikata yenyewe. Hapa nilitaka nitumie nusu ya muda wangu, lakini mwenyekiti anatazama saa. Chukueni taarifa ya akaunti ya miezi 12. Narudia, 12, msilete ya mwezi mmoja. Kuna malipo yanayokuja mara moja kwa mwaka na ndiyo yanayowavamia watu mwezi mbaya kuliko yote. Yagawanye kwa 12, uyaweke kwenye bajeti ya kila mwezi kama bili nyingine. Kisha pitieni mstari mmoja mmoja, mume na mke pamoja, na kijana mkubwa awepo kwa sababu yeye ndiye anayejua nusu ya hayo majina. Kila mstari muulize: nani anakitumia? Mara ya mwisho lini? Mkikuta mnalipia vitu viwili vinavyofanya kazi moja, baki na kimoja. Zile za "mwezi wa kwanza bure" ndizo ninazozichukia kwa moyo wote, maana zimetengenezwa kwa kutegemea usahaulifu wako. Na tafadhali, kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Unaifuta, unajiona mjanja, na fedha inaendelea kukatwa. Ingia kwenye akaunti, sitisha huko, hifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Kuna anayesema, haya ni mambo ya aibu, kukaa na watoto kusoma taarifa ya benki. Aibu ni ipi? Watoto mnawazimia taa wakiwa chooni, hilo halina aibu! Mtoto akiona namba anabadilika haraka kuliko akisikia kelele. Mpe kijana kazi ya kusoma mita kila Jumapili na kuandika ukutani. Ninyi mtaona nani atakuwa mzimaji taa wiki ya tatu, na safari hii atajua anazima nini.

Madeni. Nilikuwa na mengi. Nichukue moja: mkiambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi, msizidishe kwa 12 mkasema 24. Riba isiyolipwa nayo huzaa riba, na kwa mwaka inafika karibu asilimia 27. Basi fedha mtakayookoa kwenye hita isiende kununua kitu kipya. Iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, hata kama si deni kubwa kuliko yote. Bima nairuka. Msifute bima yoyote kwa hasira kabla ya kusoma inalipa nini; mnaweza kupiga simu kuuliza bei mpya kabla haijajihuisha, na kampuni zilezile zilizokuwa kimya mwaka mzima huwa na maneno matamu siku hiyo. Intaneti na simu ni hivyohivyo: angalieni mnatumia kiasi gani kweli, halafu mshuke hadi kifurushi cha kiasi hicho.

Mwenyekiti amesimama, nimeelewa. Wenye bili mkononi leteni hapa mezani, tuzisome pamoja. Tuanze na yule mzee wa nyuma ambaye bahasha yake bado imefungwa.