Igizo Lenyewe Lilikuwaje?

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena kwa sababu halijabadilika: Nairobi ina sanaa tele na haina uhakiki. Fungua gazeti Jumatatu usome habari za igizo lililokuwa Kenya National Theatre wikendi. Utaambiwa ukumbi ulifurika, utatajiwa mheshimiwa aliyekaa mstari wa mbele, utapewa picha ya waigizaji wakiinama. Igizo lenyewe lilikuwaje? Kimya.

Kisha mtu ananiambia Wakenya hatuna mazoea ya kuhakiki. Huyo hajawahi kusimama steji nganya mpya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro na muziki, ikiingia mjini. Jioni moja nilikuwa steji ya Railways, likafika basi jipya la kwenda Rongai. Vijana wawili wakalizunguka. Mmoja akasema sura iliyochorwa nyuma haimfanani mwenyewe, macho yamekaribiana mno. Huyu mchoraji ni fundi wa herufi, nyuso bado zinamshinda. Mwenzake akakataa: tazama kivuli cha shingoni kilivyokaa, hapo mkono haukutetemeka. Wakapanda ndani. Besi ni nzito, wakasema, lakini imemmeza mwimbaji. Viti vimeshonwa vizuri, ila mtu mrefu ataweka wapi magoti? Wakalilinganisha na gari lililotangulia la tajiri yuleyule, wakashindana mpaka likajaa likaondoka.

Wale vijana walifanya uhakiki kamili. Walitazama kazi, wakatoa sababu, wakalinganisha, wakapingana bila kutukanana. Sheria za matatu za 2004, zile za waziri wa uchukuzi John Michuki, zilipoleta mstari wa njano kwenye kila gari, rangi za matatu zilififia, lakini sanaa ile ilirudi kwa kishindo. Mimi naamini ilirudi kwa sababu ilikuwa na watu wanaojua kuitazama. Mchoraji wa nganya anajua kwamba kesho asubuhi atasemwa steji. Mwongozaji wetu wa igizo atasemwa wapi?

Najua jibu mlilo nalo, nimelisikia kila ninapozungumza: msanii wetu hana kitu, ukimkosoa unamtilia kitumbua chake mchanga. Jibu hili limenichosha. Aliyetoka Kayole akalipa nauli na tiketi, yeye ni tajiri? Umemwambia igizo ni bora kabisa. Amefika, amekuta mama na binti wanagombana huku wote wawili wametukodolea macho sisi watazamaji, na maneno yao hayafiki viti vya nyuma. Hatarudi tena, na aliyemfukuza ni wewe uliyesifu.

Tena msanii mwenyewe umemwibia. Kwa sababu katika igizo hilohilo, yule binti alipoambiwa aondoke nyumbani, hakujibu. Alichukua leso ya mama yake, akaikunja polepole, akaiweka kitini, ndipo akafungua kinywa. Ukumbi mzima ulinyamaza. Hakuna aliyemwandikia kwamba hapo ndipo alipoigiza kwelikweli. Ameambiwa tu kwamba wote walifana, yeye na aliyesahau maneno yake.

Sasa tazameni gharama ya ukimya huu. Mwaka 2013 na tena 2015, banda lililobeba jina la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, lilijaa kazi za wasanii wengi kutoka China na wengine wa Italia. Mwaka 2015 wasanii wa hapa walipiga kelele, mchoraji wa Nairobi Michael Soi akaichora aibu ile, mpaka serikali ikalikana banda. Walifanya vyema kupiga kelele. Lakini mgeni anayetaka kujua nani anachora nini Nairobi, na nani amekomaa, atasoma wapi? Tusipoandika wenyewe, atakayechagua kwa niaba yetu ni yeyote mwenye nauli ya kwenda Italia.

Muda unanikimbia. Nilitaka kusema juu ya filamu na muziki, nitaviacha. Walimu wa Kiswahili, hili ni lenu: kila mwaka watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wanachambua maudhui, wahusika na mbinu za uandishi katika karatasi ya fasihi. Wanajua kazi hiyo. Wapelekeni ukumbini, waandike walichokiona jukwaani, si kilichomo kwenye mwongozo.

Na wahariri, nawaona mmekaa pale nyuma. Mnunulieni mwandishi wenu tiketi. Anayeingia kwa tiketi ya mwandaaji na kutoka na bahasha ya mwandaaji hawezi kuniambia kwamba sehemu ya pili ilirefushwa bure. Mpeni nafasi ya maneno 400, bila picha ya mheshimiwa, na mmwache aandike kwamba hakupenda, mradi aseme kwa nini. Msanii akikasirika, mpeni naye nafasi ileile wiki inayofuata ajibu.

Haya, maswali.