Tumekodi Hiace, Tumezunguka Moshi Yetu: Kutoka Stesheni Hadi Tsuduni

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za huko mliko. Leo hamnioni Berlin. Nipo nyumbani Moshi, kiti cha mbele cha Hiace, na huko nyuma ni ukoo: mama mdogo, mashangazi, binamu na watoto wao, na babu yetu tuliyemfuata Rau asubuhi. Mnasikia kelele hizo? Tangu tuondoke hawajanyamaza, na ndivyo ninavyotaka iwe.

Nieleze kwa nini tumekodi gari. Sisi tunaoishi nje tukirudi Desemba tunafanya mambo yale yale. Tunatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tunapita mjini kununua mahitaji, tunapanda kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, sikukuu, misa au ibada, nyama, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, halafu uwanja wa ndege tena. Wenye uwezo wanakwenda Ngorongoro. Mji wenyewe hakuna anayeutazama. Habari za Mangi Meli, mtawala wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani (mangi ni mtawala wa Kichagga), mimi nimezisoma Ujerumani, kwa Kijerumani, wakati mahali aliponyongwa ni hapo juu ya Kiboriloni. Jambo hilo linaniuma sana, na ndiyo sababu ya safari ya leo: wazee na watoto ndani ya gari moja, tuone mahali penyewe, na mwenye kujua azungumze.

Nasisitiza gari moja. Mkijigawa kwenye Noah mbili tatu, babu atakuwa kwenye moja na watoto kwenye nyingine, na mtakuwa mmepoteza siku. Mkiwa wengi kuliko Hiace, chukueni Coaster. Patana na dereva kabla hajawasha: siku nzima au nusu siku, mafuta ya nani, chakula chake nani analipa. Kama gari ni la daladala, muulize kama ana kibali cha kutoka nje ya njia yake, msije mkasimamishwa na trafiki watoto wakiwa juani. Na mwambieni mapema kwamba mtapanda Old Moshi. Bei ya tambarare na bei ya mlima hazifanani.

Tulianzia stesheni. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, wakati wa Wajerumani, na mji huu mnaouona umezaliwa na reli hiyo. Kabla ya hapo, ukisema Moshi ulimaanisha kule juu, kwa Mangi Rindi na mwanawe Meli. Treni haikuweza kupanda, kwa hiyo utawala na biashara vikashuka kuifuata huku chini, na kule juu pakaitwa Old Moshi mpaka leo. Watoto wangu wa huku hawakujua kwamba mji unaweza kuhama. Treni ya abiria kutoka Dar ilisimama miaka mingi, ikarudi Desemba 2019, na shangazi akatusimulia foleni ya tiketi ilivyokuwa siku za mwanzo.

Kutoka hapo tukasogea hadi jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Hapa babu alichangamka. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichagga waliunda chama chao cha kwanza, wakati walowezi wakipiga kelele kwamba Mwafrika asilime arabika, eti ataleta magonjwa ya mimea. Hofu yao ya kweli ilikuwa ushindani, na vibarua wa kuwalimia watapatikana wapi ikiwa kila mtu ana kahawa yake. Chama kile kikavunjika, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya vijijini. Fedha za kahawa ndizo zilizosomesha ukanda huu. Babu anasema karo yake ililipwa kwa debe, maana yake kahawa iliyopimwa kwenye chama cha kijijini. Na Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho sasa ni chuo kikuu, hakikuwekwa Moshi kwa bahati. Mtu anayesema Mchagga anajua kutafuta pesa aje kwanza asimame mbele ya jengo hili, aone watu walivyotafuta kwa pamoja.

Mnara wa saa tumeuzunguka, picha, basi. Twende juu.

Sasa tunapanda. Tumekata kutoka Kiboriloni kuelekea Tsuduni na Kidia. Tazameni kushoto, migomba na kahawa chini yake, na ule mfereji mdogo ni mfongo. Mababu waliyashusha maji ya mlima kwa mifongo kama hii, vizazi na vizazi, na kila ukoo ulijua zamu yake.

Nimeshuka kwenye gari, nitapunguza sauti kidogo. Hapa ni Tsuduni. Mwaka 1892 Wajerumani walikuja kumpiga Meli, akawashinda, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda. Hawakumwua wakati ule. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga hapa kwenye mti, yeye na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, jumla yao 19, wakiwatuhumu kula njama ya kuwaasi. Ngalami wa Siha alikuwemo. Molelia wa Kibosho alikuwemo. Wazee wanasimulia kwamba Meli alining'inia saa nyingi bila kukata roho. Kisha, masimulizi yanasema, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mtoto wa binamu yangu ameniuliza sasa hivi, "Shangazi, kichwa walikitakia nini?" Nimemjibu ukweli. Zama zile wanasayansi wa Ulaya walikusanya mafuvu ya watu wa makoloni, wakiyapima ili kudai kwamba binadamu wana madaraja. Berlin, mji ninaolala kila siku, ulikusanya maelfu. Babu hapa ameongeza jambo ambalo vitabu nilivyosoma havikulipa uzito. Zamani kwetu, mzee akishazikwa, baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likawekwa kihambani penye masale, mmea wetu wa heshima, ili awe pamoja na watu wake. Kwa hiyo mtu aliyeondolewa kichwa, ukoo wake unamngoja. Unamngoja mpaka leo.

Mjukuu wa Mangi Meli, Mzee Isaria Meli, alidai miaka mingi kichwa hicho kirudishwe, akatoa na sampuli ya vinasaba. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba mafuvu matatu yamelingana na familia zilizo hai huku kwetu Tanzania, na moja ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli halikupatikana. Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa mauaji ya Vita vya Maji Maji. Mimi niliusikiliza msamaha ule nikiwa kule, nikafurahi, na nikasema moyoni: kwetu mtu akiomba radhi anakuja na isale, jani la masale, mkononi, na anarudisha alichochukua.

Kwa hiyo nina ombi, na hasa kwa ninyi mnaotazama kutoka Kibosho, Siha, Old Moshi, Meru na Arusha. Kama nyumbani kwenu kunasimuliwa mzee aliyenyongwa na Wajerumani, au aliyechukuliwa asirudi, kaeni na wazee wiki hii. Andikeni jina lake, jina la baba yake, ukoo na kijiji. Yale mafuvu matatu yalitambuliwa kwa sababu kulikuwa na watu hai wa kulinganisha nao, waliojua majina yao wakatoa mate yao yapimwe. Mkishaandika, niandikieni hapo chini. Nikirudi Berlin nitawatafutia njia ya kuuliza, na majibu nitakayopewa, yawe mazuri au mabaya, nitayasoma hapa hapa.

Dereva anasema mawingu yanashuka na utelezi wa huku anaujua. Tunaendelea Kidia, halafu kwa mama mdogo, kuna machalari, ndizi zilizopikwa na nyama.