Mlango wa nyuma sio sakafu

FUNDI: Tumerudi jamani. Dada, kabla hujasema neno, niambie ukweli, Jumamosi ulipima au hukupima?

DADA: Nilipima! Hilo ndo linaniuma, nilipima kabisa na tepu.

FUNDI: Ulipima nini?

DADA: Subiri nianze mwanzo, maana wenzetu wanaosikiliza hawakuwepo. Wiki iliyopita niliwaambia ile pikapu yangu ndefu iko kwa fundi rangi, kwa hiyo Jumamosi nikaazima pikapu ya shemeji, ile ya milango minne yenye bodi fupi, yaani ile sehemu ya kubebea mzigo, ili nipeleke kwodi, ile pikipiki ya matairi manne, shambani. Nikapima kwodi toka pua mpaka mkia, sentimita 210. Nikapima bodi ndani, 152. Nikafungua mlango wa nyuma wa bodi, ule ukilala unaongeza kama 50. Jumla 202. Nikasema ah, sentimita 8 tu zinachungulia nje, twende.

FUNDI: Na hapo ndo ulipokosea.

DADA: Najua sasa, niache nimalize. Nikapandisha vizuri tu, nikafunga mikanda minne ya racheti, ile inayokazwa kwa mpini, nikaondoka. Lami hakuna neno. Nilipoingia barabara ya vumbi, ile yenye mawimbi mawimbi kama ubao wa kufulia, nikaanza kusikia nyuma kwa, kwa, kwa. Nikasimama. Nakuta mkanda wa nyuma kulia umelegea, ndoano imetoka inajipigia tu kwenye bodi. Sawa, huo unakazwa. Ila nikaangalia waya unaoshikilia mlango upande wa kushoto, pale mwisho kabisa unapoingia kwenye kile kichuma, nyuzi tatu zimekatika zimesimama kama ndevu. Nilishika kwa kidole zikanichoma.

FUNDI: Aisee.

DADA: Moyo ulishuka. Kwa sababu nilichungulia chini nikaona tairi zote mbili za nyuma za kwodi haziko kwenye bodi, ziko kwenye mlango. Yaani nusu ya mzigo imekaa kwenye kitu kinachoning'inia.

FUNDI: Ndo nilikuwa nataka kusema hapo. Watu wote wanapima urefu wa kwodi, urefu hausemi kitu. Mkia wa kwodi ni plastiki na keria, hata ukining'inia nje hewani hauna shida. Kitu cha kupima ni toka pua ya bampa ya mbele, maana ndo itagusa ukuta wa bodi, mpaka katikati ya tairi la nyuma pale linapokanyaga chini. Yako ikoje?

DADA: Nilipima jana. 166.

FUNDI: Haya. Bodi 152, tairi linakanyaga kwenye 166. Kwa hiyo uko sentimita 14 ndani ya mlango. Ungekuwa na bodi ya 198, ile ya kati, tairi liko ndani kabisa hamna mjadala. Na zile bodi za 167 sasa, tairi linakanyaga pale pale kwenye mwanya kati ya bodi na mlango. Hapo weka plaiwudi nene ivuke ule mwanya.

DADA: Sasa hapo tuongee, maana uliniandikia meseji Jumapili nikakasirika. Ulisema "ungeweka plaiwudi ingekuwa sawa".

FUNDI: Nilisema na nasema tena.

DADA: Fundi, mlango sio sakafu. Mlango ni mlango. Una bawaba mbili chini na waya mbili pembeni, basi.

FUNDI: Sikia hesabu. Mlango una sentimita 50, waya zimeshika huku mwisho. Tairi lako limekanyaga 14 tu toka kwenye bawaba. Kwodi yako kilo 320, nyuma tuseme 160. Mzigo ukiwa karibu na bawaba, bawaba ndo inabeba sehemu kubwa. Waya zinapata kama robo na kidogo, kilo 45 hivi, kwa waya mbili. Sio kitu cha kukata waya. Ule waya wa shemeji ulishaoza zamani, kutu imeingia ndani ya kile kichuma, wewe umemalizia tu.

DADA: Waya umelala mshazari, hausimami wima, kwa hiyo mvutano wake unazidi hizo kilo zako.

FUNDI: Unazidi, nakubali, zidisha hata mara mbili.

DADA: Na mikanda? Nimekaza mpaka shokapu zimeshuka, hiyo nguvu yote ya racheti inakwenda wapi? Inakwenda chini kwenye tairi, tairi linakwenda kwenye mlango. Halafu mawimbi ya barabara, kila tuta kwodi inaruka inatua, hiyo sio 160 tena.

FUNDI: Sawa, ila jibu hili. Ulipandishaje?

DADA: Kwa rampu, zile njia za kupandishia.

FUNDI: Rampu zimeshika wapi?

DADA: Mwisho wa mlango.

FUNDI: Mwisho kabisa! Mbali na bawaba, pale ambapo waya ndo inabeba. Na wewe umekaa juu yake. Mlango umebeba mzigo mbaya kuliko ule wa safari na haukufanya kitu. Sasa unaniambiaje hauwezi kubeba sentimita 14?

DADA: Kwa sababu kupandisha ni mara moja, taratibu, sekunde kumi. Safari ni saa nzima ya kugongwa. Chuma hakichoki kwa kubeba, kinachoka kwa kugongwa gongwa. Wewe unachomelea kila siku, hilo unalijua kuliko mimi.

FUNDI: Nalijua. Na bado nasema plaiwudi ya milimita 18, ianzie kwenye ukuta wa mbele mpaka mwisho wa mlango, waya mpya, spidi ndogo, unafika.

DADA: Plaiwudi inasambaza mzigo, haiubebi. Kinachobeba ni kile kile kilichoko chini yake.

FUNDI: Haya.

DADA: Haya nini, umekubali?

FUNDI: Sijakubali, nimesema haya.

DADA: Fungua kitabu cha gari basi, watengenezaji wengine wameandika kikomo cha mlango kabisa.

FUNDI: Wengine hawajaandika.

DADA: Na pale ambapo hawajaandika wewe unajaza namba yako.

FUNDI: Najaza hesabu. Tepu hii hapa mezani, njoo tupime tena.

DADA: Weka hiyo tepu chini, inapiga klak klak kwenye maiki kila kipindi, watu wanalalamika. Na kingine, mlango ukiwa wazi ile kamera ya rivasi inaangalia chini. Nimerudi rivasi naona lami tu kwenye skrini. Na namba ya gari kama imefungwa kwenye mlango, haionekani.

FUNDI: Hilo la kamera nimelipenda. Sikuwahi kulifikiria.

DADA: Si ndo maana nakwambia mlango umetengenezwa ukae umefungwa.

FUNDI: Umerudi huko huko!

DADA: Sijatoka.

FUNDI: Tuseme kuhusu mikanda basi, ulisema ulikaza mpaka shokapu zikashuka. Hapo naungana na wewe. Kuna watu wanafunga kwenye keria, keria inapinda. Funga kwenye fremu au kwenye ekseli. Kwenye fremu ushushe shokapu kidogo, sio mpaka zikome, ila zishuke, maana usiposhusha kwodi ikidunda chini mkanda unalegea sekunde moja, ndoano inatoka. Kama yako.

DADA: Yangu nilikaza. Nilichokosea ni sikusimama. Wananiambia siku zote, ukitembea kilomita chache simama ukaze tena, kwa sababu kwodi inajikalia vizuri ikishaanza kutikisika na mkanda wenyewe unavutika. Nilikuwa na haraka, nilitaka nifike kabla jua halijawa kali.

FUNDI: Na kwenye bodi fupi zile pete za kufungia za nyuma ziko mbele ya tairi la nyuma, kwa hiyo mikanda ya nyuma inavuta kwodi kwenda mbele. Watu wanaogopa, wanaona kama iko kinyume. Haiko kinyume, inaibana kwenye ukuta wa mbele isirudi nyuma.

DADA: Hiyo ni kweli, na ndo iliyoniokoa Jumamosi, mmoja wa nyuma uliobaki uliishikilia.

FUNDI: Shambani ulifikaje?

DADA: Sikufika na ile gari hivyo. Kwodi niliishusha pale pale, nikaiendesha mwenyewe kilomita zilizobaki, kaka yangu akaja nyuma na pikapu tupu. Kurudi niliazima trela.

FUNDI: Trela ndo jibu, hapo sina ubishi.

DADA: Kwa hiyo mlango sio sakafu.

FUNDI: Nimesema trela, sijasema mlango. Dakika ngapi zimebaki?

DADA: Nne. Na nilikuwa nimeandika mambo sita hapa, tumefanya moja. Rampu, winchi, uzito wa bodi, kushusha...

FUNDI: Yaache. Sema la rampu tu, hilo likiachwa mtu ataumia wiki hii hii.

DADA: Haya, rampu. Funga rampu kwenye gari kwa mkanda au mnyororo. Kwodi ikianza kupanda, tairi zinasukuma rampu kurudi nyuma, rampu inachomoka, kwodi inakuja juu yako. Usitegemee ile ndoano ya rampu tu. Na rampu iwe ndefu, bodi ikiwa na kimo cha sentimita 88 hivi, rampu ya mita 1.5 inasimama kama ngazi, ya mita 2.4 inalala. Au rudisha gari tairi za nyuma ziingie kwenye kishimo, au tafuta mwinuko.

FUNDI: Gia ya chini, polepole, usikanyage ghafla juu kule. Na mtu asisimame nyuma. Hata wa kusaidia kusukuma.

DADA: Hasa wa kusaidia kusukuma.

FUNDI: Shemeji umemwambia kuhusu waya?

DADA: Nimemnunulia waya mpya zote mbili, nazifunga kesho.

FUNDI: Nikifunga mimi kesho, tuweke plaiwudi tupakie kwodi tuone.

DADA: Kwenye gari ya shemeji? Hapana.

FUNDI: Kwenye gari yangu basi.

DADA: Yako bodi yake ngapi?

FUNDI: Ngoja. Tepu iko wapi?