Karantini Siyo Wodi ya Wagonjwa

Ndugu zangu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, asanteni kwa kuja. Katika miongozo ya milipuko mnakutana na maneno mawili ya Kiingereza, isolation na quarantine. Mitaani yote mawili tumeyaita karantini, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Isolation ni ya mgonjwa. Ana homa, anatapika, au kipimo kimeonyesha anao ugonjwa. Anatengwa ili atibiwe na asiambukize wengine. Quarantine ni ya mtu asiye na dalili yoyote, ila alimuuguza mgonjwa au aliosha maiti yake. Huyu haumwi. Huenda asiumwe kabisa. Tunasubiri tu siku zipite.

Siku ngapi? Mwaka 1377 mji wa Ragusa, leo Dubrovnik nchini Croatia, uliamuru wanaotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Mji wa Venice, Italia, ukafanya 40, quaranta kwa lugha yao, na jina likabaki. Wale hawakujua vimelea. Sisi tunajua kwamba dalili za Ebola na Marburg, homa mbili hatari za virusi, hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, ndiyo maana Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21. Zikiisha salama, mtu yuko huru. Mwambieni hivyo tangu siku ya kwanza.

Kule Zanzibar, kisiwani Changuu, jengo lililokusudiwa kuwa gereza liliishia kuwa kituo cha karantini. Sishangai watu wakisikia neno hili wanafikiri wanafungwa.

Ila hatari kubwa zaidi ni kuwachanganya wagonjwa na wasioumwa. Ukimlaza mama mzima wa afya chumba kimoja na anayetapika, eti wote wako karantini, wewe ndiye uliyempa ugonjwa. Majirani wakiona hivyo, atakayefuata kuambiwa akae karantini hatasubiri. Usiku huohuo anakimbilia kwa ndugu zake kijiji kingine, pengine na virusi mwilini.

Basi mkibisha hodi, semeni wazi: "Shikamoo mama. Wewe huumwi. Tunakuomba ubaki nyumbani hadi tarehe hii, nasi tutapita asubuhi na jioni kukupima joto." Kisha ulizeni kama ana maji na unga. Asipokuwa navyo atatoka tu, na hapo wa kulaumiwa siye yeye.