Tandiko Likishavuliwa

Mabibi na mabwana, nianze na farasi mmoja aliyeitwa Ferdinand. Mwaka 1986 alishinda Kentucky Derby, mbio za farasi maarufu za Marekani, na mwaka uliofuata akatangazwa farasi bora wa mwaka wa Marekani. Baadaye aliuzwa Japani kuwa dume la mbegu. Majike wa kupandishwa walipopungua, akapita mkono huu na ule, na mwaka 2002 akaishia machinjioni. Bingwa! Mimi nikisikia habari hii, naona swali moja lililosukumwa mbele kila alipopata mwenyewe mpya: huyu atazeekea wapi?

Farasi aliyetunzwa vizuri hufika miaka 25, wengine hupita 30. Wa mbio huanza kazi akiwa na miaka 2, na wengi huwa wameacha kabla ya kutimiza 10. Kwa hiyo anayenunua farasi ananunua na uzee wake.

Kumbadilishia kazi kunawezekana, tena wengi hung'ara katika kuruka viunzi au matembezi. Ila msimtoe kiwanjani leo mkamtandika kesho. Mpunguzieni nafaka kidogo kidogo, mwongezeeni nyasi, mwacheni akae malishoni na wenzake kwa miezi kadhaa. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba hatamu ikikaza, ndiyo wakati wa kwenda. Mpandaji mpya akiogopa huvuta, na farasi huongeza kasi. Watu humwita mkaidi, kumbe anatii alichofundishwa.

Na kustaafu si kumfungulia malishoni na kumsahau. Jino la farasi husogea nje ya ufizi kama milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, likisagika, mpaka akiba yake iishe. Mkiona mzee anatema vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, jueni hawezi kutafuna tena. Atakonda na hori limejaa. Mloweshee chakula.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Nilikuwa na farasi jike mzee. Akaanza kupata vidonda mbele ya vifundo vya miguu ya mbele, nami nikavipaka dawa wiki nzima, ya pili, ya tatu, nikidhani anajigonga ukutani. Usiku mmoja nikakesha zizini. Nilimwona akisinzia, magoti yakalegea, akaporomoka mbele, akashtuka na kusimama. Dakika chache baadaye, tena.

Farasi husinzia amesimama, hilo mnalijua. Lakini usingizi mzito, ule wa ndoto, unamtaka ajilaze, walau nusu saa hivi kwa siku. Jike wangu viungo vilimuuma mno. Aliogopa kulala asije akashindwa kuinuka. Mchana alikula, alinikimbilia, masikio mbele. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na anayewindwa haonyeshi udhaifu. Nilikuwa nikimtazama saa ambazo anaficha.

Daktari wa mifugo akampa dawa ya maumivu, tukamwekea matandazo mazito, akalala tena. Siku hiyohiyo, akiwa na nafuu, tuliandika kwenye daftari: akikosa kulala siku 3 mfululizo licha ya dawa, hatutajadiliana tena, tutamwita daktari amkatishie uhai kwa huruma. Nawasihi, andikeni yenu mapema. Ukingoja usiku ambao tumbo limemsokota naye anagaragara, utaamua kwa hofu, au utamwachia mwingine aamue.

Siku ilipofika ilikuwa kavu, ardhi inachimbika. Kwa kawaida daktari hutangulia kumtuliza farasi, kisha humpa dawa ya nusukaputi kwa kipimo kikubwa mshipani. Risasi moja ya mtu anayeijua kazi hiyo nayo ni njia ya huruma, msiionee haya. Lakini penye dawa, mzoga ni sumu kwa mbwa na ndege watakaoula, hivyo mahali pa kuuzika papangwe kabla, si baada. Na aliyemzoea zaidi asimame kichwani pake kama anaweza kutulia. Asipoweza, asilazimishwe.

Mimi nilisimama. Punda aliyekuwa mwenzake malishoni tulimleta amnuse, maana mnyama asiyeuona mwili huweza kuita na kutafuta kwa siku nyingi. Alimnusa shingo, akamsukuma kwa pua, akakaa naye muda mrefu. Kisha akageuka mwenyewe akaenda kula. Ndipo tukaanza kufukia.