Kuhamia fleti msimu wa mvua: kausha kwanza, pazia baadaye

Habari zenu watazamaji, karibuni. Simu nimeiegemeza juu ya ndoo ya rangi, ikiyumba mnisamehe. Tuko Ntinda, Kampala, ghorofa ya tatu, mwezi wa Aprili, na huo mlima wa mizigo mnaouona nyuma yangu umeshuka asubuhi hii kwenye lori lenye turubai la matundu. Kufagia, kupiga deki, kupanga sufuria, hayo mnayajua, tunayaruka. Leo ni unyevu, Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, na fimbo ya pazia. Hasa fimbo ya pazia, maana ndiyo ninayouza, na ndiyo inayokula dhamana za wapangaji wengi.

Godoro kwanza. Toeni nailoni yote, hata kama godoro ni jipya na mnaona uchungu. Nailoni inafungia maji ndani. Lisimamisheni kwa ubavu, hewa ipite pande zote mbili, na usiku msililaze moja kwa moja kwenye vigae. Joto la mwili linasukuma mvuke chini, mvuke unakutana na kigae cha baridi, na baada ya wiki mbili ukiliinua unakuta madoa meusi. Kama kitanda hakijafungwa, tandikeni paleti za mbao.

Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Acheni nafasi ya kiganja, sentimita kumi hivi. Na hizi tundu za hewa juu ya dirisha, tazameni, mpangaji aliyetoka ameziziba kwa magazeti! Najua, ni mbu. Lakini ukiziziba, mvuke wa kupika na wa nguo zinazokaukia ndani hauna pa kutokea. Toa magazeti, weka wavu wa mbu, ni kipande kidogo tu. Madirisha ya pande mbili zinazotazamana yafunguliwe pamoja mvua ikikatika, hasa kati ya saa tano na saa tisa mchana.

Sasa huu ukuta wa chumbani una kivuli cha kijani hapa pembeni. Msikimbilie kupaka rangi. Chukueni nailoni safi inayoonyesha, kama sentimita thelathini kwa thelathini, ibandikeni ukutani kwa selotepu pande zote nne, iacheni hadi kesho. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta: bomba, au plasta ya nje imepasuka. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, mpigie picha kabla hujahamisha hata kiti. Matone yakiwa upande wa chumba, ni hewa yako mwenyewe. Hapo futa kuvu kwa Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kikombe kimoja kwa lita nne za maji, dirisha wazi, glavu mkononi. Jik isichanganywe na siki wala sabuni ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu.

Friji, haraka haraka: kama imelala kidogo tu njiani, isimamisheni kwa muda wa saa nne angalau kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Ikilala safari nzima, ingojeni hadi kesho.

Haya, fimbo. Kaka, niletee ngazi.

Breketi, kile kishikio cha fimbo ukutani, inakaa sentimita kumi na tano juu ya fremu, na sentimita kumi na tano kupita fremu kila upande, ili pazia likifunguliwa lisile mwanga. Dirisha likizidi mita mbili, weka breketi ya tatu katikati, la sivyo fimbo inapinda kama mgongo wa punda. Wengine wanapenda fimbo iguse dari. Mimi sipendi, lakini nyumba ni yako. Usipime kutoka dari, dari za huku hazijanyooka. Weka alama ya kwanza, kisha tumia pima maji kupata ya pili.

Kabla ya kutoboa, angalia swichi na soketi ziko wapi. Nyaya ndani ya ukuta kwa kawaida zinapanda wima juu yake. Usitoboe kwenye mstari huo. Hapa swichi iko mbali, tuko salama.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi inapoharibika. Ukuta huu una plasta kwanza, unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, halafu nyuma yake ama lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, ama tofali. Plagi ya plastiki, hii ya kushika skrubu, LAZIMA ipite plasta yote iingie kwenye zege au tofali. Ikiishia kwenye plasta itashika leo, itashika kesho, siku ukivuta pazia kwa nguvu inatoka na kipande cha plasta cha ukubwa wa sahani. Na msimu huu plasta imenyonya maji, inamomonyoka kama keki. Plagi ipite plasta. Nitasema tena.

Biti ya milimita nne, drili bila kugonga, polepole, ili isiteleze. Nimefunga selotepu kwenye biti zangu zote sentimita tano kutoka nchani, hicho ndicho kina chetu. Plasta imepita, mnaona vumbi jeupe. Sasa biti ya sita, washa kugonga. Vumbi limegeuka kijivu, hiyo ni lenta, vizuri. Lingekuwa jekundu ningejua nimetoka nje ya lenta, niko kwenye tofali, ningetumia biti ya nane na plagi ndefu zaidi. Ikifika mahali biti inalia sauti ya chuma na haisogei, ni nondo. Usilazimishe, hama sentimita tatu. Shi...

Banange. Umeme.

Subirini nitoke kwenye ngazi. Yuniti zimekwisha, kwa majirani taa zinawaka. Basi tuifanye Yaka sasa hivi, ilikuwa inakuja hata hivyo.

Siku ya kwanza hakikisha namba ya mita ndiyo ya fleti yako. Kwenye majengo kama haya mita zimepangwa chini kama masanduku ya barua, na watu wanamlipia jirani mwezi mzima. Zima swichi kubwa ya kwako, teremka, uone mita ipi imeacha kumetameta. Nunua kwa simu, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha lilingane na aliloandika mwenye nyumba. Nunua kidogo kwanza, sababu kama mita ina deni la mpangaji wa zamani, linakatwa kwenye pesa yako. Tangu Aprili 2025 umeme uko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, malalamiko ya deni yapeleke huko na mkataba mkononi.

Tokeni, ile namba unayotumiwa ukilipa, ina tarakimu ishirini. Kama fleti ilikaa tupu tangu kabla ya Novemba 2024, mita huenda haikusasishwa, nayo itakataa tokeni. Mita kama hizo zinahitaji namba mbili za kusasisha kwanza, kila moja tarakimu ishirini, zote kwa mpangilio zilivyotumwa, kisha ndipo tokeni yenyewe. Ukianza na ya mwisho itagoma tu. Hii yangu imekubali. Taa hiyo.

Turudi juu. Tundu lilikuwa limeishia kina gani? Selotepu haijafika ukutani, kwa hiyo bado. Hapo ndipo mtu anachoka na kusema inatosha. Haitoshi! Endelea hadi selotepu iguse. Puliza vumbi litoke, fumba macho. Plagi iingie kwa kidole kisha nyundo nyepesi, mdomo wake uzame milimita chache ndani ya plasta, usibaki nje. Plagi ipite plasta, nimesema nitasema tena. Ikizunguka unapokaza skrubu, tundu ni pana, toa, weka ya nane. Usijaze kijiti cha kiberiti.

Skrubu ya sentimita tano, kwa bisibisi ya mkono robo ya mwisho, si kwa drili. Sasa jaribio: shika breketi, vuta kwako na chini kama unavyovuta mtoto asitoroke. Kimya. Hakuna vumbi linalodondoka. Ndiyo hiyo.

Upande wa pili ni vivyo hivyo, sitawachosha. Mkija dukani njooni na upana wa fremu kwa sentimita, siyo «dirisha la kawaida», hakuna dirisha la kawaida Kampala. Pazia liishie sentimita mbili juu ya kigae, lisinyonye maji ya deki. Na mapazia mazito subirini ukuta ukauke, kwa sasa tundikeni la wavu tu...

Huyo ni jirani wa chini, anagonga dari na ufagio. Nazima drili.