Mjomba, gobole na AR-15

Haya, habari zenu huko nyumbani. Leo nipo Houston, ndani ya gari, nimeegesha nje ya duka la vifaa vya michezo. Nimekuja kumnunulia mtoto daluga. Joto la hapa si mchezo, AC siizimi, mkisikia mngurumo mnisamehe.

Humo dukani, ukipita viatu na mipira, ukipita na ndoano za kuvulia samaki, unakutana na kaunta ya kioo kama ya duka la simu. Bastola zimelazwa zina vibandiko vya bei. Nyuma ukutani zimesimama bunduki za kisasa za AR-15. Nikaipiga picha moja, nikamtumia mjomba wangu Tabora. Kumbe nimejitafutia kesi.

Mjomba enzi zake alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe pori shambani. Wa mjini hamlijui: unamimina baruti mtutuni, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena, hapo nguruwe ameshamaliza muhogo na ameondoka. Akanipigia. "Mjomba," na yeye huniita mjomba, "hiyo haki ya silaha waliiandika lini?" Nikamwambia 1791, marekebisho ya pili ya Katiba. "Si enzi za gumegume hizo, bunduki za kuwasha baruti kwa cheche ya jiwe? Basi wabaki na gumegume!"

Sasa hoja ya mjomba wapo Wamarekani wengi tu wanaitoa, na kwa hesabu ina mashiko. Askari hodari wa wakati ule alifyatua kama risasi tatu kwa dakika. AR-15 inauzwa na magazini ya risasi 30, unavuta kidole tu. Lakini Mahakama ya Juu yao ilishaikataa. Mwaka 2008, kesi ya Heller ya kule Washington, Jaji Scalia aliandika kwamba kusema zinalindwa silaha za karne ya 18 peke yake kunakaribia kuwa upuuzi. Sababu yake? Uhuru wa kusema haukuishia kwenye magazeti ya karne ile. Na hapo mimi nanyamaza kidogo, maana ningembishia kwa kutumia nini? Kwa hii hii simu niliyoshika.

Kwa hiyo neno "silaha" la 1791 limekua na watu wake. Mwaka 2016 Mahakama ikairudisha Massachusetts kesi ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa kumiliki kifaa cha shoti ya umeme, alichokuwa nacho kujikinga na mzazi mwenzake aliyekuwa akimpiga. Mahakama ya jimbo ilisema kifaa hicho hakikuwepo enzi za waasisi. Majaji wakubwa wakasema hiyo si sababu. Mimi hapo nipo nao.

Kinachonikera ni upande wa pili. Sheria ya mwaka 1934 inasema bunduki ya rashasha ni ile inayotoa yenyewe risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la kifyatulio. Halafu watu wakabuni kitako maalumu: bunduki inarukaruka kwa mshindo wake yenyewe, kifyatulio kinagonga kidole, kinagonga tena, risasi zinamiminika. Oktoba 2017, Las Vegas, mtu mmoja akiwa na bunduki zenye vitako hivyo aliwapiga watu risasi kutoka dirisha la hoteli, wakafa 60. Serikali ikavipiga marufuku. Mwaka 2024 Mahakama, sita kwa watatu, ikasema hapana, kwa kila risasi kifyatulio kinarudi na kuvutwa upya, kwa hiyo si rashasha.

Mawakili msinirukie. Najua ile ilikuwa kusoma sheria ya Bunge, siyo Katiba. Ila angalieni: teknolojia ikibadilika, neno la 1791 linanyumbulika, neno la 1934 linakakamaa. Na tangu Mahakama hiyo hiyo iamue kesi ya Bruen, 2022, serikali ikitaka kuzuia silaha lazima ionyeshe zuio linalofanana nalo huko nyuma kwenye historia. Bunduki inaruhusiwa kuzaa wajukuu, sheria inaulizwa babu yako nani. Mwaka 2024 kwenye kesi ya Rahimi walilegeza, wakasema anatosha babu wa kufanana, si lazima pacha, na aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia mwenzake akabaki haruhusiwi kumiliki bunduki. Wanane kwa mmoja. Afadhali.

Nikamweleza mjomba yote hayo, na vocha inaisha. Mwisho nikamwambia jambo ambalo naona ndilo lililomuuma: bunduki ya kushindilia baruti kama lile gobole lake, sheria ya serikali kuu hapa haiihesabu kuwa bunduki. Kwenye AR-15 unajaza fomu na jina lako linachunguzwa. Gobole linaingia kundi la vitu vya kale.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Waambie," akasema, "hicho kitu cha kale kilishaua nguruwe saba."